Doa na Koroboi: shajara ya mradi

Kaskazi inaishia

Kuanzia leo kila tunachoamua kinaandikwa, maana kikao cha mwanzo kila mtu aliondoka na uamuzi wake. Daftari nimekabidhiwa mimi.

Mradi wenyewe ni hadithi ya kusikilizwa, sehemu kwa sehemu, inayotokea kwenye sayari nyengine, karne nyingi mbele. Kisa ninacho, nusu kimeshaandikwa. Kinachokosekana ni watu wenyewe: wanaimba nini, wanatunga vipi, wanacheza ngoma gani, nani anamtunza mwimbaji. Bila ya hayo nimebaki na mashujaa wanaopanda vyombo na kushuka vyombo wakipigana, na hadithi za namna hiyo zimejaa tele.

Tupo wanne. Maalim anapiga ganuni, ala ya nyuzi nyingi inayopakatwa. Amestaafu kusomesha skuli lakini hajastaafu kubishana. Mdogo wangu wa Chake Chake anaandika programu za kompyuta na ndiye fundi wetu wa sauti. Mpiga dumbak, yaani ngoma ya taarab, mchana yuko bandarini. Na mimi. Shangazi yangu hatumhesabu kuwa mwanachama, ila tunakutana barazani kwake, mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, na kahawa ni yake, kwa hiyo ana kura.

Mahali tumeshapachagua. Sikutaka sayari ya kutungwa kichwani, nilitaka ambayo msikilizaji akiamua kuitafuta ataikuta. Tumechukua mfumo wa TRAPPIST-1, nyota kibete nyekundu iliyo umbali wa miaka nuru 40 hivi, upande wa kundi la Ndoo. Timu iliyoongozwa na wanaanga wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, ilitangaza sayari tatu za mwanzo 2016, na Februari 2017 zikatimia saba. Zote saba zimebanana na nyota yao kiasi kwamba zingeenea ndani ya njia ya Utaridi na nafasi ikabaki. Huitwa kwa herufi, kuanzia b mpaka h. Yetu ni e, ya nne kutoka kwenye nyota. Mwaka wake ni siku sita na kidogo za kwetu, na mvutano wake ni kiasi cha asilimia 82 ya huu wetu.

Sayari iliyokaribia nyota yake hivyo hutarajiwa kuwa imefungwa: upande mmoja unalikabili jua daima, wa pili uko gizani daima. Watu wetu tumewaweka kwenye ukanda mwembamba wa katikati, ambako jua limekaa kwenye ukingo wa upeo na halitoki hapo. Upande wa jua wanalima. Upande wa giza kuna barafu, na barafu ndiyo maji yao.

Mpiga dumbak alitaka wawe na vidole sita. Tumekataa. Ni watu, wazee wao walitoka duniani, basi. "Hivi vitano tu vinanishinda kuvifundisha," alisema Maalim.

Mvua za mwanzo

Leo rangi.

Wachoraji wakipewa nyota ya aina hii huitia mbingu wekundu wa damu. Tumepiga hesabu. Joto la uso wa TRAPPIST-1 ni kama kelvini 2,560. Waya wa balbu ya zamani, ile inayochoma mkono ukiigusa, huwaka kwenye kelvini 2,700 hivi. Maana yake mchana wa watu wetu una rangi ya balbu ya zamani siku umeme umepungua nguvu, jambo ambalo hapa mjini hakuna haja ya kumweleza mtu.

Shangazi alitoa kanga zake sandukuni. Tukafunga madirisha, tukawasha balbu ya wati 60 kwenye swichi ya kupunguzia mwanga, tukawa tunaishusha kidogo kidogo. Kisutu kilisimama vilevile, nyekundu mahali pake na nyeusi mahali pake, ila nyeupe imeingia usiagi. Doti ya samawati, yenye korosho pembeni, haikustahimili. Samawati iligeuka kijivu, kijivu kikawa weusi mchafu, mpaka pindo na mji vikawa kitu kimoja na jina lake likapotea. Shangazi akasema, "Basi hao hawana buluu ya kutokea." Nikaandika.

Kwa hivyo sanaa yao ya nguo ni ya njano, chungwa, nyekundu na nyeusi. Buluu ni rangi ya ndani, ya vyumba vyenye taa nyeupe, kumbi na hospitali. Na hapo shangazi akaongeza lake: mwanamke anayetaka kumpelekea ujumbe mtu mmoja tu, jina la kanga yake huliandikisha kwa buluu juu ya nyeusi. Njiani halisomeki. Linasomeka ukumbini, akishakaa mbele ya aliyekusudiwa. Nimefuta kurasa nzima za silaha nikaweka hilo.

Limebaki suala la wakati. Sisi saa zetu tunazihesabu tangu jua kuchomoza, na taarab tunaitandika usiku, watu wamejipamba, udi umefukizwa, mpaka alfajiri ije ituvunje. Wao hawana kuchomoza wala kuchwa. Wataanza saa ngapi, na kitu gani kitawaambia waende zao majumbani? Nimeliacha wazi.

Masika, ganuni

Mdogo wangu ameleta programu aliyoiahidi. Mzunguko wa kila sayari ameufanya mlio: inayozunguka haraka inatoa sauti ya juu, ya polepole inatoa sauti ya chini, na zote amezipandisha oktava 27, yaani mlio umeongezwa maradufu mara 27, ili sikio lizisikie. Ile ya mbali kabisa, h, ambayo mwaka wake ni siku 18.8, inaangukia hetsi 83, yaani mitetemo 83 kwa sekunde, karibu na uzi mnene wa gita. Ya karibu kabisa, b, yenye mwaka wa siku moja na nusu, inafika hetsi 1,028. Yetu ina hetsi 255, jirani na Do ya katikati ya piano. Wapo waliokwisha kuzigeuza sayari hizi muziki tangu mwaka uleule wa 2017, hatukugundua jambo. Haja yetu ilikuwa tumpe mwenye sikio asikilize.

Mfumo huu umewapendeza wanamuziki kwa sababu sayari zake zimeshikana mwendo. Kila d ikizunguka mara tatu, e inazunguka mbili. Kila e ikizunguka tatu, f mbili. Kila f ikizunguka nne, g tatu. Zinavutana, na mvutano ndio unaozishikilia katika mpango huo. Sasa, tatu kwa mbili ndiyo nafasi ya Do na Sol, na nne kwa tatu ni ya Do na Fa. Ukisikiliza kwa mbali unadhani kuna mtu huko juu amekaza nyuzi.

Maalim alipakata ganuni, akavaa pete zake za kupigia kwenye vidole vya shahada, akaomba e na d zilie pamoja, nyengine zinyamaze. Akatega Sol yake, nyuzi tatu moja baada ya moja, akaipiga juu ya ile ya kompyuta. Akasita. Akapiga tena.

"Hii yenu imepanda."

Mdogo wangu akamwambia haiwezi kupanda, Maalim, ni namba. "Basi zitazame namba." Akazifungua: mwaka wa e kugawa kwa mwaka wa d haitoki 1.5, inatoka 1.507. Kwa senti za muziki, zile ambazo oktava moja ina 1,200, Sol ya mbinguni imepita kwa senti nane hivi. Baina ya e na f imepita kwa zaidi ya kumi. Maalim hakusema kitu, alipiga funda la kahawa tu, lakini namna alivyolipiga sote tulifahamu.

Kisha akataka zote saba, zikunjwe ndani ya oktava moja, Do ikiwa ni e. Hapo ndipo palipokuwa na mali. Nyingi zinakaa karibu na mahali panapojulikana: c inaangukia kwenye Mi, f karibu na Fa, b na g zinaizunguka Do, moja juu yake kidogo, moja chini. Lakini h, ile ya mbali, inaangukia senti 454. Mi ni 400, Fa ni 500. Imekaa katikati, hapana Mi hapana Fa. Maalim, ambaye maisha yake yote yamo ndani ya Rasti na Bayati, tuni za Kiarabu zenye sauti za robo, alicheka mpaka akavua miwani. "Mbingu nzima ina robo moja, nayo imeiweka pasipokaa mtu!"

Tumeamua papo hapo: watu wetu wamerithi tuni hii kutoka kwa wazee waliokuja na hesabu, na noti ya h ndiyo ugomvi wao mkubwa wa kimuziki. Wanaoishi ukingo wa jua wanaiita Fa iliyolegea. Wanaoishi ukingo wa giza wanaiita Mi iliyokazwa. Mwimbaji akiigusa tu, ukumbi unajua ametoka wapi.

Masika, umeme umekatika

Kompyuta imelala. Tumeshughulikia historia.

Maalim hakubali kwamba kuna watu walioanza na muziki wao wenyewe. Sultan Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, alimpeleka Mohammed bin Ibrahim Misri akajifunze ganuni. Taarab ikawa starehe ya kasri, na lugha yake Kiarabu. Kikundi cha taarab cha Akhwani Safaa kikaundwa 1905. Kisha akaja Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mwanamke wa tabaka la chini aliyewahi kutembeza vyungu mjini. Akaiimba kwa Kiswahili, akatia ndani yake kesi za mahakamani na dhulma za wakubwa, na 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Waliokuwa hawasomi gazeti walikuwa na Siti.

Hiyo ndiyo njia tuliyowapitisha wetu. Vizazi vya mwanzo vinaimba nyimbo walizokuja nazo wazee, zimejaa alfajiri na machweo ambayo hakuna hata mmoja ukumbini aliyeyaona, na kadiri mtu asivyoyafahamu ndivyo anavyotikisa kichwa kwa heshima zaidi. Halafu mwanamke mmoja mchukuzi wa barafu akaimba bei ya maji, kwa lugha ya sokoni. Baada ya hapo nyimbo za alfajiri zikawa za wasomi. Jina la mwanamke huyo bado sijalipata, na nimekataa yote matatu aliyoyapendekeza mpiga dumbak kwa kuwa ni majina ya shemeji zake.

Mvua zimepusa

Hili la leo naliandika kwa kirefu.

Mdogo wangu alikuwa anatafuta nini kinaonekana angani ukiwa umesimama kwenye ule ukanda. Jua ni kubwa, upana wake mara nne ya hili letu, nalo limeganda upeoni. Sayari d iko ndani zaidi, kwa hivyo kila inapotupita inapita mbele ya jua: doa jeusi la mviringo, upana wake kama robo ya jua lenyewe. Sayari f iko nje, kwa hivyo inapokuwa karibu inasimama upande wa pili, juu ya giza, imepevuka, ukubwa wake kama mwezi wetu wa kumi na nne. Ya kwanza tumeiita Doa. Ya pili shangazi ameiita Koroboi, na hakuna aliyepinga.

Doa linapita kila siku 12. Koroboi inapevuka kila siku 18. Siku 36 zikitimia, Doa limepita mara tatu na Koroboi imepevuka mara mbili.

Karatasi ilikuwa mezani, alama nyekundu za Doa juu, alama nyeusi za Koroboi chini. Mpiga dumbak aliinama kuitazama, mkono wa kulia ukaanza kugonga za juu, wa kushoto za chini. Aligonga meza ile mpaka vikombe vikahama. Tatu kwa mbili! Mkono huo anao tangu utotoni, wa kidumbak na wa kila ngoma aliyowahi kuikalia. Kalenda ya watu hawa inapigika.

Halafu akasimama. "Mbona haina moja?"

Alichokusudia ni kwamba katika tatu kwa mbili ya kawaida kuna pigo ambalo mikono yote miwili inashuka pamoja, na hapo ndipo kila mtu anapojua yupo wapi. Kwenye karatasi hapakuwa na mahali hapo. Mdogo wangu alirudi kwenye hesabu, na hesabu inasema mpiga dumbak yuko sawa. Mvutano uleule ulioshikanisha sayari hizi ndio unaozizuia d, e na f zisisimame kamwe kwenye mstari mmoja. Doa na Koroboi havitokei pamoja, hata mara moja. Katika kila mzunguko wa siku 36 kuna mahali vinapokaribiana kwa siku mbili tatu, vikashindwa hapo, vikaachana.

Mpiga dumbak amekasirika kama amedhulumiwa yeye. Mimi sijalala vizuri kwa furaha. Suala la saa limejibika: taarab yao inatandikwa kinapotokea kimojawapo, na inavunjwa na cha pili. Siku mbili tatu ndio usiku wao. Watu wanakula humo, wanasinzia humo, waimbaji wanapokezana, na anayeondoka mapema huulizwa ana maradhi gani.

Kusi, Pemba

Tumekwenda Pemba na kamera. Tulitaka miili inayoruka, na ngoma za kule zinaruka: msewe, wanaume na njuga zao za miguuni, na kirumbizi cha fimbo.

Mvutano ukiwa asilimia 82, anayeruka kwa nguvu zilezile anapaa zaidi kwa kiasi cha moja ya tano, na anakaa hewani zaidi kwa kiasi hichohicho. Ipo njia nyepesi ya kuliona hili. Ukiipunguza kasi ya video hadi tisa ya kumi, kila kinachoanguka kinaanguka kama kwamba mvutano ni asilimia 81. Karibu kabisa. Basi tukaipunguza, tukaitazama kwenye ukuta wa nyumba ya wazee wa mdogo wangu, na watoto wa mtaa wote nyuma yetu.

Miguu ilikuwa sahihi, mikono ilikuwa ya uongo. Mkono unaendeshwa na msuli, hausubiri mvutano, na kwenye sayari ile utakwenda kasi ileile ya hapa au zaidi. Fikiria kirumbizi ambacho mtu anabaki hewani muda mrefu lakini fimbo yake haijapungua kitu. Anaweza kupiga, kukinga na kupiga tena kabla hajatua. Mpiga ngoma naye anapata nafasi ya ziada, pale juu, mchezaji bado hajagusa chini. Mpiga dumbak ameijaza nafasi hiyo kwa mapigo madogo ya ukingoni na sasa hataki kuyatoa hata kwenye ngoma za duniani.

Jioni, mzee mmoja wa nyumba ile alitusomea mashairi ya Kamange na Sarahani, washairi wa Pemba wa zama za kale. Kimoyo, bila ya karatasi. Mdogo wangu alimuuliza nini kilichowafanya wakumbukwe mpaka leo. Akasema walikuwa wakijibizana. Shairi lisilojibiwa hulishika nani? Hilo nimerudi nalo Unguja kama mzigo wa karafuu, nalinusa njia nzima.

Baada ya Mwaka Kogwa

Makunduchi wamechapana kwa migomba, pande mbili za kijiji, wanawake mashambani wakiimba waliyokuwa nayo moyoni mwaka mzima, kibanda cha makuti kimechomwa, watu wamekula pamoja. Nilisimama pembeni nikifikiria watu wangu.

Tangu Februari nilikuwa na sanaa yao kila kitu isipokuwa kisa cha kuwepo kwake. Tuni ipo, rangi zipo, kalenda ipo, na bado wakiimba nilikuwa naona makumbusho. Sasa nimewagawa. Wa Juani wana chakula hawana maji. Wa Gizani wana maji hawana chakula. Kila mmoja anamhitaji mwenzake na anamchukia kidogo kwa ajili hiyo. Wa Juani huandika, kila Doa likipita wanafunga kitabu kimoja wanafungua kipya. Wa Gizani hawaandiki, huhifadhi vichwani, na humdharau mwenye kuhitaji karatasi. Fasihi yao yote ni majibizano ya pande hizi mbili.

Bahari yao ya ushairi tumeitunga baraza zima. Mshororo una mizani 12. Wa Juani huugawa vipande vitatu, vya mizani nne nne. Wa Gizani huugawa viwili, sita sita. Na husomwa kwa pamoja, sauti juu ya sauti. Vituo vya ndani vinapishana, kina kinagongana mwishoni. Huko juu Doa na Koroboi havikutani. Kwenye kina vinakutana, na mpiga dumbak amepata "moja" yake.

Ubeti wa mwanzo tuliouridhia ni huu. Juani:

Jua tuli / halizami / halihami,
doa lake / likipita / twaandika.

Gizani:

Koroboi yaja / giza halisemi,
mwaandika nini / kwetu kumewaka?

Maalim alizihesabu mizani kwa vidole, akazihesabu tena, akapitisha. Mimi na mdogo wangu tuliusoma pamoja, tukapoteana mara kadhaa kwenye mshororo wa pili kwa sababu sikio linataka kumfuata mwenzio. Ukishaushika, ile "twaandika" na ile "kumewaka" zinashuka kwa kishindo kimoja, na mwandishi anajikuta amekejeliwa papo hapo na kina chake mwenyewe. Nataka sehemu nzima ya pili ya hadithi isimame juu ya mistari hii. Vita vya vyombo nimevitoa.

Kusi inalegea

"Na huyo mwimbaji anakula nini?" Swali la shangazi. Hakuna aliyekuwa amelifikiria.

Kwetu mtu anayeguswa na mstari hunyanyuka kitini, anacheza pole pole hadi mbele, noti ya pesa kaishika juu waione, anamtunza mwimbaji. Na mstari anaouchagua kutunzia ni maneno tosha kwa yule aliyekaa upande wa pili. Kwao hatukutaka noti. Wa Gizani wanatunza kwa vipande vya barafu, vinapangwa kwenye sinia ya shaba mbele ya mwimbaji. Wa Juani wanatunza kwa nafaka.

Shangazi alilijaribu jikoni kwake. Barafu ya friji, sinia yake ya shaba imeinamishwa, bakuli chini, na mdogo wangu kaweka maikrofoni karibu. Tone la kwanza lilikawia, kisha yakaja mawili kwa pamoja, kisha yakashika mwendo. Juu ya shaba yana mlio mkavu wa kupendeza, na kadiri bakuli linavyojaa mlio unazidi kubadilika. Tumeuhifadhi. Ndio tutakaouweka chini ya kila wimbo unaotunzwa na Gizani: mwenye kutunzwa sana anaimba juu ya mvua. Wa Juani wanalalamika kwamba nafaka yao haina sauti na kwamba ndiyo maana waimbaji wanaelekeza uso gizani. Malalamiko hayo nimeshayapa wimbo.

Vuli

Hali ilivyo. Maandishi ya sehemu tatu za mwanzo yamekamilika. Sanduku la kidumbak limepatikana, ule uzi mmoja juu ya kasha la mbao, na ndilo litakalobeba sauti nzito ya h. Mkwasa na cherewa, ala za kugonga na kutikisa, tumeazima. Fidla hatuna bado. Kijana aliyeahidi amepata mkataba kwenye hoteli ya Nungwi na hatumlaumu.

Mchukuzi wa barafu amepata jina, ila linakaa kwangu mpaka sehemu ya tatu itoke.

Kuna mvutano. Mpiga dumbak anataka wimbo wa mwisho uishie kwenye kina, wote pamoja, kishindo. Mdogo wangu anataka uishie kama mbingu ilivyo, Koroboi na Doa wamepishana, msikilizaji abaki anangojea pigo lisilokuja. Mimi niko na mdogo wangu, shangazi yuko na mpiga dumbak, na Maalim anasema hapigi kura wala haingii kwenye chumba cha kurekodia mpaka tuamue noti ya h katika wimbo huo ni ya Juani au ya Gizani, maana vidole vyake lazima vijue. Mpiga dumbak ana zamu za usiku bandarini hadi mwisho wa mwezi. Kurekodi kunasogezwa Januari.